Huyu Si Alishakufa? Kwa Nini Filamu Nyingine Hazianzi Mwanzoni

Ilikuwa Ijumaa usiku, wiki ambayo bumu lilikuwa limeingia, na tulikuwa sita kwenye chumba cha hosteli cha watu wawili. Laptopu tuliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mmoja wetu alikuja na filamu ya Pulp Fiction kwenye flashi, akaisifia sana, kisha akasinzia hata kabla haijafika popote. Sisi wengine tukaendelea. Katikati ya filamu, yule jamaa mwenye nywele ndefu anayeitwa Vincent Vega akatoka chooni, akakutana na mtutu wa bunduki, akafa. Tukaguna, tukasonga mbele. Haikupita hata nusu saa, Vincent huyo hapo, mzima wa afya, na suti yake nyeusi, anabishana na mwenzake kama vile hakuna kilichotokea.

Mwenyeji wetu akasimamisha filamu. "Jamani, huyu si alishakufa?"

Kimya. Kisha yule anayesoma kompyuta akatoa hukumu: "Faili limeharibika hili. Aliyelikopi kachanganya vipande." Sote tukakubali, maana mtaalamu kasema. Tukaifuta, tukaweka muvi nyingine ya kupigana, tukalala kwa amani.

Faili halikuwa na tatizo lolote. Quentin Tarantino aliipanga filamu ile hivyo hivyo mwaka 1994, mwaka huo huo ikapata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Palme d'Or, na baadaye script yake ikapata Oscar. Sisi ndio tuliofuta kitu kizima kwa kudhani ni kibovu. Nimeona aibu hiyo kwa muda sasa, na makala hii ni njia yangu ya kuilipa. Nataka nieleze, kwa namna ambayo ningetamani mtu angenieleza usiku ule, kwa nini mtu mwenye akili timamu anachukua hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, halafu anaivuruga kwa makusudi. Naonya mapema: nitataja miisho ya filamu kadhaa. Kama hujaziona na unachukia kuharibiwa utamu, weka gazeti pembeni, zitazame, kisha urudi.

KISA NA MSUKO

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulilisoma sekondari, tukalikariri, tukalitapika kwenye mtihani, tukalisahau. Mwalimu wa fasihi alituambia kwamba muundo wa kazi uko wa aina tatu. Kuna msago, yaani matukio yanakwenda moja kwa moja, la kwanza hadi la mwisho. Kuna kioo au rejea, ambapo hadithi inaanzia mbele kisha inarudi nyuma. Na kuna rukia, ambapo visa vinarukiana, hiki kidogo, kile kidogo, mpaka vikutane. Tulijibu hivyo, tukapata maksi zetu, na hakuna aliyetuuliza swali la maana: mwandishi anapata nini kwa kuchagua kimoja na kuacha kingine?

Ili kulijibu, inabidi tutenganishe vitu viwili. Cha kwanza ni kisa chenyewe, yaani mambo kama yalivyotokea kwa saa na kalenda. Cha pili ni msuko, yaani mpangilio ambao msimuliaji anatupatia mambo hayo. Wahakiki wa Kirusi wa mwanzoni mwa karne ya 20, akiwemo Viktor Shklovsky, waliviita fabula na syuzheti. Usitishwe na majina. Wewe mwenyewe unavitenganisha kila siku.

Fikiria rafiki yako anaingia kimbwetani akihema. Hakuambii, "Leo niliamka saa kumi na mbili, nikapiga mswaki, nikaenda kituoni." Anasema, "Jamani, nimeibiwa simu!" Ndipo anarudi nyuma: alipanda daladala gani, alikaa wapi, nani alimsogelea. Ameanza na mwisho kwa sababu mwisho ndio unaofanya kila kitu kabla yake kiwe na maana. Ukishajua simu imeibiwa, yule abiria aliyeomba kupishwa dirishani si abiria tena, ni mshukiwa. Kisa ni kile kile, lakini masikio yako yamebadilika.

Kwa hiyo mbinu hii si uvumbuzi wa Hollywood. Odisea ya Homer, utenzi wa Wagiriki wa kale, inaanza Odysseus akiwa tayari amekwama kisiwani kwa Calypso, na sehemu kubwa ya misukosuko yake ya baharini tunaisikia baadaye akiisimulia mwenyewe ugenini. Kwetu, Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliachana kabisa na ule mstari ulionyooka, na wanafunzi wa Kiswahili mnajua tulivyopata tabu nazo. Filamu ilichofanya ni kuichukua mbinu kongwe na kuipeleka mahali ambapo ina ugumu wake wa pekee.

PICHA HAINA NJEO

Ugumu huo niliuelewa siku nilipokuwa najisomea sarufi, wala sikuwa nawaza filamu. Tazama sentensi hii: "Alipanda daladala, akakaa dirishani, akasinzia, akaibiwa simu." Ile -ka- inafanya kazi kubwa kimya kimya. Inakuambia kwamba tukio hili limefuata lile, hatua kwa hatua. Na nikitaka kurudi nyuma, lugha inanipa mlango mwingine: "Aliposhuka, alikuwa ameshaibiwa." Hapo hata mtoto wa darasa la nne anajua kipi kilitangulia. Kiswahili kina -li-, -na-, -ta-, -me-, -ka-, na ukivipanga vizuri unaweza kumrusha msikilizaji huku na huku asipotee.

Sasa mpe mtu picha ya mwanamke anavuka barabara. Je, alivuka? Atavuka? Alikuwa ameshavuka? Picha haisemi. Picha inasema tu: anavuka. Kila unachokiona kwenye skrini kiko kwenye -na-. Mtu akipigwa risasi mbele ya macho yako, anapigwa sasa hivi, hata kama kwenye kisa lilitokea miaka ishirini iliyopita. Ndiyo maana sisi sita tulichanganyikiwa. Tuliona Vincent anakufa, kisha tukaona Vincent anaongea, na akili ikaweka -ka- katikati: akafa, akaongea. Haiwezekani. Basi faili ni bovu.

Mwongozaji wa filamu, kwa kukosa viambishi, anatengeneza vya kwake. Wengine wanaandika maneno kwenye skrini: "miaka mitatu nyuma". Wengine wanabadilisha rangi, wanafifisha picha taratibu, wanampa mhusika nywele fupi au kovu usoni. Wengine wanatumia sauti ya msimuliaji. Katika filamu ya Brazil iitwayo City of God (2002) ya Fernando Meirelles, tunaanza na kundi la vijana wenye bunduki wakimkimbiza kuku barabarani. Kijana mmoja, Rocket, anajikuta amesimama kati ya genge na polisi. Kamera inamzunguka, inamzunguka, na inapomaliza kuzunguka yeye ni mtoto mdogo, golikipa kwenye uwanja wa vumbi, miaka ya 1960. Mzunguko ule ndio kiambishi. Umekuambia "turudi nyuma" bila neno hata moja.

Tarantino naye aliweka vichwa vya sura, kama kitabu. Alama zilikuwepo. Sisi hatukuwa tumejifunza kuzisoma. Kwa mtu aliyekulia kwenye kibanda umiza kama mimi, sheria ilikuwa moja: steringi hafi, na hadithi inakwenda mbele kama treni.

FAIDA YA KUVURUGA

Sasa swali lenyewe. Kuvuruga kunaleta nini? Nitachukua filamu nne, kila moja na faida yake.

Ya kwanza ni Memento ya Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2000. Leonard Shelby alipigwa kichwani usiku ambao wezi walivamia nyumbani kwake, na tangu hapo hawezi kutunza kumbukumbu mpya. Ya zamani anayakumbuka, lakini ya sasa yanafutika baada ya dakika chache. Anamsaka muuaji wa mke wake kwa msaada wa picha za papo kwa papo, vikaratasi na maneno aliyojichora mwilini. Nolan angeweza kutuonyesha haya yote kwa msago, nasi tungekaa tukimhurumia. Badala yake, vipande vya rangi vinakwenda kinyumenyume: kila kimoja kinaishia pale kile tulichokwisha kukiona kilipoanzia. Katikati yake kuna vipande visivyo na rangi vinavyokwenda mbele kama kawaida.

Matokeo yake ni kwamba kila kipande cha rangi kinapoanza, wewe mtazamaji hujui nini kimetokea dakika tano kabla. Leonard naye hajui. Kuna mahali anajikuta anakimbia, kuna mtu mwingine anakimbia, na anajiuliza kama yeye ndiye anayemkimbiza yule. Ghafla yule mtu anamfyatulia risasi, ndipo anaelewa kwamba yeye ndiye anayekimbizwa. Unacheka, halafu unatambua kwamba na wewe hukujua. Ugonjwa wake umehamia kwako. Mwishoni, mistari miwili inakutana, na tunagundua kwamba Leonard mwenyewe alichagua kujiandikia uongo ili apate mtu wa kumsaka. Kwa kalenda, uamuzi huo ulikuja kabla ya karibu yote tuliyoyaona kwa rangi. Toleo moja la DVD la filamu hii lilificha njia ya kuitazama kwa mpangilio wa kalenda. Fikiria ukiitazama hivyo: uongo unaujua mapema, na kinachobaki ni kumtazama mtu akitumbukia shimo ulilokwisha kuliona. Kwa mpangilio wa Nolan, unatumbukia naye.

Ya pili ni Citizen Kane (1941), aliyoiongoza Orson Welles akiwa na miaka 25, mdogo kuliko baadhi yetu watakavyokuwa siku ya mahafali. Inaanza na kifo. Tajiri wa magazeti, Charles Foster Kane, anatamka neno moja, "Rosebud", anakata roho. Mara inafuata taarifa ya habari ya sinema inayoeleza maisha yake: mali, magazeti, ndoa, siasa, jumba lake. Kila kitu kimo. Kisha taa zinawaka, na mhariri hajaridhika. Anasema, kwa maana yake, kwamba haitoshi kutuambia mtu alifanya nini, tuambieni alikuwa nani. Mwandishi wa habari anatumwa kuuliza watu: anasoma kumbukumbu za mlezi wake, anaongea na mfanyakazi wake, rafiki wa zamani, mke wa pili, mtumishi wa jumbani. Kila mmoja ana kipande chake, na vipande vinarukiana. Faida hapa ni kwamba swali limebadilika. Hatuulizi tena "itakuwaje?" kwa sababu tunajua amekufa. Tunauliza "kwa nini?" na "alikuwa nani?", na hilo ni swali zito zaidi.

Ya tatu ni Rashomon ya Mjapani Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, iliyoshinda tuzo kuu ya Venice mwaka uliofuata. Samurai ameuawa msituni. Tunapata maelezo manne: ya jambazi, ya mke, ya marehemu mwenyewe kupitia mganga anayepandisha roho, na ya mkata kuni. Hayalingani. Hapa muda unarudishwa pale pale mara nne, na kila mara kilichotokea ni kingine. Kama umewahi kukaa kwenye kikao cha kusuluhisha ugomvi wa chumba cha hosteli, unaijua filamu hii hata kama hujaiona. Ukiipanga kwa msago utalazimika kuchagua toleo moja na kuliita ukweli. Kurosawa anakataa kukuchagulia.

Ya nne ni Pulp Fiction yenyewe, niliyoirudia peke yangu maktaba, spika za masikioni zimebana, kama mtu anayeomba radhi. Jules na Vincent ni watu wa kazi chafu. Asubuhi moja kijana anawamiminia risasi kwa karibu na hakuna hata moja inayowagusa. Jules anasema huu ni mkono wa Mungu, naacha kazi hii. Vincent anasema ni bahati tu. Wanabishana mpaka mgahawani, na pale mgahawani filamu inaishia, wote wawili wakitoka nje wakiwa hai. Lakini sisi tunajua. Tumeshaona kwamba Vincent aliendelea na kazi, na kazi ikamuua mlangoni mwa choo. Jules hakuwepo siku ile. Kwa kalenda, filamu ingeishia kwa bondia Butch akiondoka na mpenzi wake kwa pikipiki, na ubishi ule wa mgahawani ungekuwa jambo la katikati lililosahaulika. Tarantino ameusogeza mwishoni, akauweka baada ya kifo, na ghafla mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wanaokula yamekuwa njia panda ya uhai na mauti. Hakuongeza neno. Amebadilisha mahali pa kuliweka.

KADI SITA

Haya yote yangebaki maneno ya kimbwetani kama nisingekwenda fildi. Nilipangiwa shule moja ya sekondari, nikapewa Kiswahili Kidato cha Tatu, na mada ya wiki yangu ya pili ikawa muundo. Siku ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: msago, kioo, rukia, andikeni. Waliandika. Nilipouliza kwa nini mwandishi atumie kioo, binti mmoja akanijibu kwa heshima zote, "Madam, ili tumjibu kwenye mtihani." Darasa likacheka, nami nikacheka, ila nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, kwa sababu alikuwa amesema ukweli kuhusu somo langu.

Kesho yake sikuwa na projekta wala umeme wa uhakika. Nilikata boksi la sabuni, nikaandika kadi sita:

1. Mama anampa Neema hela ya kununua sare.
2. Njiani Neema anamkuta rafiki yake analia, mdogo wake anaumwa.
3. Neema anampa rafiki ile hela akanunue dawa.
4. Neema anarudishwa kutoka shuleni kwa kukosa sare.
5. Mama anamfokea Neema na kumwita mwizi. Neema ananyamaza.
6. Jioni mama wa yule rafiki anakuja kushukuru.

Nikanakili kadi kwa kila kundi, nikawaambia wapange wanavyotaka, sharti tu wasimulie mbele ya darasa na waseme kwa nini wamepanga hivyo. Makundi mengi yalikwenda moja hadi sita. Hadithi nzuri ya binti mwema. Kundi la nyuma, lile la wavulana ambao mwalimu wangu msimamizi alinionya nisihangaike nao, walianza na kadi ya nne. Wakafuata ya tano. Kisha ya kwanza, kisha ya sita. Kadi ya pili na ya tatu waliziweka mwisho kabisa.

Nikawauliza kwa nini. Mmoja akasimama, mikono mfukoni, akasema: "Madam, ukianza na kadi ya kwanza, unajua Neema hana kosa, kwa hiyo unamlaumu mama peke yake. Sisi tukianza na ya nne, na wewe unadhani Neema ni mwizi. Halafu ukijua, aibu inakupata wewe pia."

Nilikaa kimya. Miaka mitatu ya chuo, na sikuwa nimewahi kusikia jambo hili likisemwa vizuri hivyo. Mpangilio unaamua nani anajua nini na lini, na kwa hiyo unaamua nani atakosea. Msuko wa wale vijana ulimfanya msikilizaji atende kosa lile lile la mama, kisha ajikamate. Hiyo ndiyo Memento. Hiyo ndiyo sababu ya yote. Yule kijana hajawahi kuiona filamu hiyo, na kwenye daftari lake neno "rejea" alikuwa ameliandika "rejeya".

Wenzangu wa ualimu, nadhani hapa kuna deni letu. Tunafundisha majina ya miundo kama tunavyofundisha majina ya mito. Mto hauna sababu ya kupita unapopita, ila msuko unayo, na sababu hiyo ndiyo somo.

SI KILA MVURUGO NI USANII

Kusema haya si kusema kwamba kila filamu iliyovurugwa ni nzuri. Ziko zinazovuruga ili zionekane za wasomi. Zinaanza na mlipuko, zinaandika "saa 48 kabla", halafu zinatuletea saa 48 za kuchosha ambazo mlipuko ule umewekwa mbele kuzifunika. Kipimo changu ni rahisi: zipange kadi upya kwa msago kichwani mwako. Kama hakuna kilichopotea, mvurugo ulikuwa pambo tu. Kama swali limekufa, aibu imetoweka au maana imebadilika, basi mpangilio ulikuwa unafanya kazi.

Na kama wewe ni mgeni wa filamu hizi, shika mambo matatu. Tazama vitu vinavyorudi: jeraha, gari, nguo, picha, kwa sababu ndivyo viambishi vyako. Jiulize kila mara nani anajua nini hapa, mhusika au mimi. Na usiogope kutoelewa kwa nusu saa ya kwanza. Kutoelewa huko mara nyingi umepewa kwa makusudi, kama mwalimu anayeandika swali ubaoni kabla ya somo. Kwa kuanzia, nashauri Slumdog Millionaire ya Danny Boyle (2008), maana ni laini: kila swali la shindano la televisheni linamrudisha Jamal kwenye kipande cha maisha yake Mumbai, na hutapotea.

WASIFU

Nimalizie na jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Nikiwa mwaka wa pili, kaka yangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilipofika nyumbani, baba mdogo aliniita pembeni, akanipa kalamu na karatasi. "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Tuandikie wasifu wa marehemu." Nikaandika kama zinavyoandikwa zote: alizaliwa mwaka 1996, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne. Alianza darasa la kwanza mwaka 2003. Alimaliza kidato cha nne. Alijishughulisha na ufundi wa redio na simu. Alianza kuugua. Ameacha mke na mtoto mmoja. Ukurasa mmoja na nusu, msago mtupu, hakuna kosa hata moja la tarehe. Baba mdogo alipousoma mbele ya jeneza nilisikiliza kwa makini, nikamtafuta kaka yangu ndani yake, sikumwona.

Usiku, kwenye mikeka, watu wakaanza kuongea. Mjomba alieleza jinsi kaka alivyoifungua redio ya babu akiwa na miaka tisa, ikabaki skrubu mbili za ziada, na redio ikaimba. Mama mkubwa akaruka hadi wiki ya mwisho, jinsi alivyokuwa anamuuliza muuguzi kama amekula. Rafiki yake wa kazini akarudi nyuma kwenye simu aliyomtengenezea bibi mmoja bure, kisha akamkopesha na vocha ya kuipimia. Mama, aliyekuwa kimya siku nzima, akasema tu kwamba alizaliwa mvua inanyesha, na paa lilivuja. Hakuna aliyefuata kalenda. Muuguzi alikuja kabla ya redio kusahaulika, kuzaliwa kulikuja baada ya kufa. Na pale katikati ya mrukorukano ule, kaka yangu akaonekana, mzima, na bisibisi yake sikioni.

Ndiyo maana yule mhariri wa Citizen Kane hanitoki kichwani. Taarifa yake ilikuwa na kila kitu, na bado akawatuma watu wakaulize tena. Kumbukumbu yetu haina kalenda. Inaanzia panapouma au panapong'aa, inarudi, inaruka, inaishia mwanzoni. Filamu zinazovuruga muda, zile nzuri, zinakaa jinsi watu wanavyokaa kwenye mkeka usiku wa msiba.

Karatasi ile ya wasifu ninayo bado. Mwezi uliopita niliichukua nikaigeuza, na nyuma yake nikaanza kuandika upya kwa ajili ya mtoto wake, ambaye sasa ana miaka mitatu na siku moja atauliza. Sijaanza na mwaka 1996. Nimeanza na skrubu mbili.